Moto wa Mayu na Joto la Mshtarii

Ipuli, Tabora. Jumapili, katikati ya kipupwe.

Leo baridi imeamka kabla yangu. Upepo unapiga mabati, vumbi linaingia hadi kwenye kopo la sukari, na mimi nimejifunga kanga mbili juu ya sweta la marehemu mume wangu. Sweta lenyewe limetoboka viwiko. Binti yangu Zaituni akiliona atalitupa, kwa hiyo huwa nalificha akija.

Na Jumamosi anakuja kweli, na gari la mizigo, kunihamishia kwake Dar es Salaam. Nimeshakubali, nikakataa, nikakubali tena. Sasa anataka jibu la mwisho leo kabla ya magharibi, maana mwenye gari naye ana shughuli zake. Basi nimekaa hapa niandike mpaka nijue ninachotaka.

Baridi ninayoisema si ya upepo tu. Tangu Kassim afariki nimekuwa mtu wa ajabu. Napika, naswali, naitikia salamu za watu, lakini ndani hamna kitu. Wajukuu wakipiga simu nacheka kicheko cha kuazima. Sijamwambia mtu jambo hili. Nawaambia nyinyi msionijua.

Ninachokiogopa ni hiki: nikiondoka kwenye nyumba hii tuliyoijenga naye, hata kile kidogo kilichobaki kitazimika njiani.

Jana mjukuu wangu mkubwa alinitumia picha ya Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, wenyewe siku hizi wanaiita Jupita. Imepigwa kwa kamera inayoona joto badala ya mwanga. Duara jeusi, na katikati yake mikanda inang'aa rangi ya kaa la moto. Ameandika: "Bibi, si wewe uliyekuwa unasema hii sayari ina moto wake mwenyewe?"

Nikaketi kitandani nikalia. Sikulia kwa sababu ya sayari. Nilimkumbuka Mayu.

Mayu ni mama mkwe wangu. Ndivyo Wanyamwezi wanavyomwita mama, na mimi, mtoto wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, binti wa fundi viatu, nilijifunza neno hilo siku nilipoolewa. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwalimu kijana kwenye shule ndogo ya upande wa Isikizya, nikiishi kwa Mayu pamoja na Kassim. Boma lao lilikuwa peke yake porini, na nyuma yake ilipita njia ya zamani ya misafara, ile ya wapagazi waliobeba pembe kwenda pwani. Babu yake baba mkwe wangu alikuwa mmoja wao.

Baba mkwe sikumkuta. Alikuwa ameshafariki, akaacha moto.

Naam, moto. Siku walipohamia pale na mkewe, aliuwasha yeye, na Mayu hakuuacha uzime tena. Kila jioni aliyafukia makaa kwenye majivu, ndiko kuvumbika, na kila asubuhi aliyafukua akapuliza. Mimi wa mjini, niliyezoea kiberiti, nilicheka sana. Kisha viberiti vikaadimika dukani. Majirani wa mbali wakawa wanakuja na vigae vyao kupalia moto kwa Mayu, nami mwenyewe nikawa napalia hapo hapo nikiwa nimenyamaza kimya.

Amri ya kuhama ilipokuja, niliiunga mkono. Nilikuwa nawafundisha watoto kwenye madarasa mawili yasiyo na paa la maana, na tuliambiwa huko kijijini kungekuwa na shule, zahanati na bomba la maji. Kassim akatangulia kutujengea kibanda. Tukabaki wanawake wawili kungoja lori.

Mayu akasema haendi.

Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba lori halibebi moto, jambo alilolisikia kwa waliotangulia, na yeye hawezi kuuacha moto wa mumewe ufe peke yake kama mbwa. Nilimsihi sana. Tulishasikia kwamba huko kwingine waliogoma waliezuliwa nyumba zao na bado wakapandishwa kwenye lori. Nilikuwa nawaza mgambo wakimshika mikono mama wa mume wangu, na mimi nimesimama pembeni na chaki zangu.

Siku hizo nilikuwa na gazeti la picha nililopewa na mwalimu mwenzangu, kuukuu, kurasa zimelegea. Ndani yake kulikuwa na picha za Mshtarii zilizopigwa na chombo kilichopita karibu nayo. Nilikuwa naliandaa somo la sayansi la darasa la saba. Mayu akaja nyuma yangu, akainama, akakiweka kidole chake cha shahada juu ya lile doa kubwa jekundu.

"Hapa ndipo wanapochochea?"

Nikamwambia hapana, Mayu, hiyo ni dhoruba ya upepo, na hiyo ni sayari, haichochewi na mtu. Akaniuliza kama ina moto. Nikataka kusema hapana, kisha nikakumbuka nilichokisoma. Nikamwambia haina moto wa kuni, hakuna kinachoungua, lakini ina joto lake. Jua liko mbali nayo mno, inalipata kidogo tu, na bado vipimo vinaonyesha kwamba inatoa joto jingi kuliko inalopokea.

Akavuta kigoda. Mayu akivuta kigoda ujue huendi kulala mchana.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto. Zamani sana gesi na vumbi vilivutana vikarundikana mahali pamoja, uzito ukavibana, na vilivyobanwa vikapata joto. Joto hilo la siku ya kuzaliwa ndilo linaloendelea kutoka hadi leo, na sayari yenyewe bado inajibana polepole. Akauliza kwa nini haijapoa siku zote hizo. Kwa sababu ya ukubwa wake, nikamwambia. Kitu kikubwa kinapoa taratibu. Uji wa kwenye kijiko unapoa upesi, wa kwenye sufuria unakuunguza ukidhani umepoa.

"Na haya mawingu juu yake?"

"Yameifunika, Mayu."

"Imevumbikwa," akasema. Akainuka.

Kesho yake nikamkuta ameshusha chungu kikubwa cha mbegu, kile ambacho mtu mmoja hakibebi. Kumbe mwanzoni alikuwa amewaza kuficha kaa kwenye kigae hadi huko kijijini, kama walivyobeba majirani, akajua litazima kabla ya kufika. Sasa akatafuta kisiki cha mti mgumu, akakiacha kishike moto hadi ndani, akakilaza katikati ya chungu na kukizika kwa majivu hadi mdomoni. Baba mkwe, akasema, alikuwa akimsimulia kwamba wapagazi walibeba moto namna hiyo kambi hadi kambi, ila yeye alidhani ni porojo za wanaume.

Lori lilikuja na familia nyingine juu yake. Dereva, mtu wa Kigoma mwenye sauti ya kuamrisha, akatangaza kabla hajashuka kwamba moto haupandi gari lake kwa sababu nyuma kuna pipa la dizeli. Akakiona chungu.

"Mama, hicho ni nini?"

"Majivu ya mbegu," Mayu akasema. Na ni kweli mbegu huwekewa majivu, wadudu wasizile. Dereva akakipapasa chungu ubavuni. Kilikuwa baridi kabisa. Akasaidia kukipandisha kwa mikono yake mwenyewe, akakisukumia mbele, mbali na pipa. Mimi nikatazama angani kana kwamba naangalia mvua, na mvua yenyewe ilikuwa hadi mwezi wa kumi na moja!

Safari ilikuwa ya siku moja. Tulipofika katikati ya pori, springi ikakatika. Dereva akaondoka na baiskeli ya mtu kwenda kutafuta fundi, na akarudi asubuhi ya pili, midomo imepauka kwa baridi. Akapanda juu ya lori, akajikunyata kati ya mizigo, akaegemea chungu. Baada ya muda akageuka akakitazama.

"We mama! Haya majivu yako yana homa?"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Dereva akataka kufoka, lakini kale kajoto kalikuwa kameshamwingia mgongoni, na hakuondoka pale.

Tatizo likawa watoto. Walikuwa wameamka na njaa, unga ulikuwapo, maji yalikuwapo kwenye madumu, kiberiti hakuna hata kwa dereva. Mwanamke mmoja kijana anaitwa Nyamizi alikuwa na mtoto mgonjwa, anakohoa, midomo imekauka. Watu wote wakamtazama Mayu.

Nilijua anachokiwaza. Chungu kikifunguliwa, joto linatoka, kisiki kinapata hewa na kuanza kujila, na kijijini bado mbali. Nilitamani aseme hapana. Nilikuwa nimeshaupenda moto ule kuliko nilivyojua.

Mayu akashusha chungu chini kwa msaada wetu, akafukua. Nyamizi akasogeza vijiti. Uji ukapikwa, watoto wakanywa, dereva akawasha sigara yake bila kumtazama mtu usoni. Mayu akarudishia majivu juu ya kisiki, akayashindilia kwa viganja.

Fundi naye akafika, akafunga springi kwa minyororo, akasema lori lisijazwe. Baadhi wakabaki wangoje. Nyamizi akabaki, pale kando ya moto wa uji, mtoto mgongoni.

Tukafika kijijini jioni. Vibanda vimepangwa mstari, vyote vinafanana, Kassim amesimama mbele ya chetu akitabasamu kama bwana harusi. Mayu hakumsalimia. Alipiga magoti akafukua chungu, akafukua hadi chini, akaingiza mkono mzima. Majivu yalikuwa vuguvugu. Kaa hapakuwa.

Akaketi pale chini. Mimi nikaona aibu ya kuwa hai, maana ni mimi niliyemwambia kitu kikubwa hakipoi upesi.

Siku iliyofuata hakula. Tulikula viazi vibichi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kwenda kuomba moto mbele yake.

Mchana, mkokoteni wa ng'ombe ukaingia kijijini. Juu yake alikuwa Nyamizi, mtoto amepona kiasi cha kupiga kelele, na mapajani ameshika sufuria kuukuu imejaa majivu. Aliuchochea moto ule wakati wote waliokuwa wakingoja, kwa ajili ya mtoto, na mkokoteni ulipopatikana hakuona sababu ya kuuacha. Akashuka, akapiga goti, akamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, Mayu. Moto wako huu."

Mayu alilia kwa sauti. Sijawahi kusikia tena mtu mzima akilia namna ile, na tangu siku hiyo Nyamizi akawa binti yake.

Kijiji chenyewe hakikudumu kama kilivyopangwa. Bomba lilitoa maji msimu mmoja, shule ilibaki, watu wengi wakarudi zao polepole. Sitadanganya kwamba yote yalikuwa mazuri. Lakini Mayu alikufa akiwa na moto mafigani, na ulikuwa ule ule aliougawa.

Sasa nimerudi kwenye picha ya mjukuu. Nimeitazama asubuhi nzima na kuna kitu sikukifikiri nilipokuwa mwalimu kijana. Kamera ile haioni joto lililomo ndani ya sayari. Haiwezi. Inaona lile lililotoka tu, lililosafiri hadi likaifikia. Ile mikanda inayong'aa ni mahali ambapo mawingu ni mepesi na joto linapita.

Tulimjua Mayu hivyo hivyo. Kwa kilichotoka.

Na iko sayari nyingine kubwa, mbali zaidi, inaitwa Uranusi. Chombo kilipoipitia, vipimo havikuona joto lake mwenyewe la maana, na wataalamu wakabishana limekwenda wapi. Mwaka huu wote nilikuwa najiona mimi ni hiyo. Leo nimesoma kwamba walipopima upya, kumbe inatoa kidogo. Kidogo tu, lakini inatoa.

Adhuhuri nikampigia Zaituni.

"Shikamoo mama. Umeamua?"

"Marahaba. Nakuja. Ila jiko langu la mkaa nakuja nalo."

"Mama! Huku ghorofani mkaa hauruhusiwi jamani!"

Nikacheka. Nilimsikia yule dereva wa Kigoma kabisa, na kicheko kilikuwa changu, sikukiazima kwa mtu. Zaituni akaniuliza kama ni mzima. Nikamwambia basi, jiko nitamwachia jirani yangu hapa Ipuli. Nikamuuliza huyo wa kwake, wa mlango unaotazamana naye, anaitwa nani. Akasema hamjui. Miaka yote hiyo! Mtoto niliyemzaa mimi.

Kwa hiyo nimepanga. Sweta la Kassim naenda nalo, alitupe akiweza. Nikifika nitashusha mizigo, nitaswali, kisha nitabisha hodi kwenye huo mlango na kuomba kiberiti.

Ninacho kwenye pochi. Nitaomba hivyo hivyo.