Siku Tuliyobomoa Ukuta wa Baa

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wanao wote wawili, na natumaini mafua ya yule mdogo yamepungua. Mimi sijambo kiasi. Mkono wa kushoto bado umo ndani ya plasta, daktari amesema wiki nne zaidi, lakini wa kulia ni mzima kama unavyoona. Karatasi nimeigandamiza kwa kikombe cha chai isikimbie, kwa hiyo ukikuta duara la kahawia hapo juu usidhani ni machozi.

Barua yako niliipata jana. Nimeisoma mara nne. Unasema tangu shemeji arudi humsemeshi, chakula unamwekea mezani unaondoka, na Jumamosi unafunga virago urudi kwa Mama na watoto, maana huwezi kukaa nyumba moja na mtu aliyeona boriti inamwangukia kaka yako akanyamaza. Nilipofika hapo nikaiweka chini, nikatoka nje, nikarudi. Leo ni Jumatano. Barua hii nampa dereva wa lori la mchanga anayepita huko kwenu kesho, na nimemwapisha asiiache kwa mtu yeyote ila mkononi mwako. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujakunja hata nguo moja.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu hujaiona. Ni baa ya zamani, peke yake kando ya barabara ya vumbi, mashamba mbele na nyuma. Ina chumba cha wanywaji, kaunta, na nyuma ya kaunta stoo ya kreti. Mwenye baa alitaka ukuta wa katikati uondoke, chumba na stoo viwe ukumbi mmoja. Mzee yule ana mambo. Kila tulichokigusa alikuja mbio kusema hicho msivunje, benchi hilo alikalia baba yake, msumari huo alitundikia kofia fulani. Nilimwambia akiendelea hivyo tutamkarabatia vumbi peke yake. Alicheka, halafu akaenda kuulinda msumari.

Tulikuwa watu sita. Mkandarasi na vijana watatu walikuwa nje kwenye mashine ya kuchanganyia zege, ambayo inanguruma kutwa nzima. Ndani tulibaki mimi na shemeji. Kazi ya kubomoa ukuta uliobeba boriti ina utaratibu wake, na mimi ndiye niliyemfundisha mumeo: mmoja anapiga nyundo, mwingine hapigi kitu. Huyu wa pili anasimama na macho juu, anaangalia boriti na zile nguzo za muda tulizoiegemezea. Akiona kitu kinacheza, hata kwa unywele, anaita, na mpigaji anaacha kila kitu anakimbia. Ukiwa na nyundo huwezi kutazama juu, kwa hiyo uhai wako umo kinywani mwa mwenzako. Ndiyo maana nilimchukua shemeji na si mtu mwingine.

Tulisimamisha nguzo mbili pamoja, tukazipima, tukaridhika. Tusichojua ni kwamba aliyejenga baa ile zamani alibana matumizi: chini ya sakafu, badala ya kokoto, alijaza vizibo vya chupa. Maelfu kwa maelfu, vimeshika kutu, na juu yake saruji nyembamba kama chapati. Nguzo ya upande wa dirisha ilikuwa imekaa juu ya hivyo. Kila nilivyopiga, ilizama kidogo.

Vumbi lilikuwa zito siku ile. Plasta ya zamani ikivunjika inakuwa unga, inaingia puani, machoni, kila mahali. Tukafunga vitambaa usoni, nikaendelea kupiga. Nilikuwa nimeteremsha mistari mitano ya matofali na nilikuwa nafurahia kazi, nakwambia ukweli, maana ukuta ulikuwa unaachia vizuri. Ghafla mtu akanikamata ukosi kwa nyuma akanivuta kwa nguvu zake zote. Tukaanguka wote wawili. Boriti ikashuka pale pale nilipokuwa nimesimama, ikaukuta mkono wangu njiani. Ingekuwa ni hatua moja mbele, leo ungekuwa unapokea barua nyingine, tena si kutoka kwangu.

Kilichofuata unakijua kwa masikio ya watu. Mkandarasi alikuja hospitali na shemeji nyuma yake, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Shemeji alikuwa ameshamweleza kuwa aliona nguzo inazama, akaniita, nikaendelea kupiga, akaniita tena na tena, ndipo akaingia chini ya boriti kunivuta. Mkandarasi hakumwamini. Alisema fundi wa miaka ishirini na sita hawezi kuitwa akaendelea kugonga kana kwamba anaitwa jirani. Akanisogelea uso kwa uso, akaniuliza, "Alikuita au hakukuita?"

Nikajibu, "Sikusikia kitu."

Shemeji alinitazama. Alitoa glavu mfukoni, akaziweka kwenye kiti, akatoka. Jioni ile ile unga wake ulikuwa umemwagika, na kufikia mwisho wa wiki mafundi wote wa upande huu walikuwa wanasimulia habari za mtu aliyesinzia akiwa zamu ya kutazama. Mimi nililetewa machungwa. Mwenye baa alinijia na chupa mbili za soda, akakaa kitandani kwangu akamlaani mumeo kwa niaba yangu. Nikanywa zile soda, mdogo wangu. Zote mbili.

Sasa nisikilize vizuri, na usinikatishe hata moyoni. Lile jibu nililompa mkandarasi lilikuwa kweli, na ndilo lililomwangamiza mumeo. Sikusikia kwa sababu sisikii. Sikio la kulia lilianza kufa miaka mitatu iliyopita, la kushoto likafuata. Nyundo, mashine za kukata, ndizo zimenila. Sasa nabaki na mvumo tu, na maneno ya mtu nayasoma mdomoni akiwa mbele yangu. Ukutani huwa naweka kiganja nikigonga, nahisi mtikisiko, na watu wanasema fundi ana kipaji. Mtazamaji nilimsimamisha kila siku mahali ninapouona mdomo wake, nikidai ni kwa usalama wake. Siku ile nilimwona shemeji pale pale kwenye nafasi yake, nikaridhika. Sikukumbuka kwamba kitambaa kilikuwa kimemfunika mdomo.

Sikumwambia mtu, kwa kuwa nani atampa kazi ya kubomoa mtu asiyesikia akiitwa? Niliogopa. Ulipopiga simu hospitali nikampa muuguzi aongee nawe, nikasema mkono unauma. Simu hushikwa kwa mkono mmoja, na wa kulia ulikuwa mzima. Hata Mama nimemkwepa mwaka mzima kwa visingizio vya mtandao mbovu.

Lakini najua shemeji aliniita. Tulipokuwa chini kwenye vifusi kitambaa kilikuwa kimemshuka shingoni, na nikauona mdomo wake waziwazi. Alikuwa anasema, "Nimekuita. Nimekuita." Machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye vumbi usoni mwake. Nililiona hilo, na bado nikajibu nilivyojibu. Sina la kujitetea.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkandarasi nikamweleza yote. Alianza kuongea kwa hasira, akitembea huku na huku, nikamwomba asimame nimwone. Hakutaka. Akachana kipande cha mfuko wa saruji akaandika, "Tangu lini?" Nikamwambia miaka mitatu. Akaandika kwamba shemeji arudi kazini Jumatatu, na kwamba mimi nirudishe nyundo na kofia. Halafu akanigeuzia mgongo akasema maneno mengine. Sijui alisema nini.

Mdogo wangu, nisalimie watoto, umpe Mama shikamoo yangu, na umwambie ukweli kuhusu simu zake, mimi nimeshindwa. Sikuombi unisamehe leo, maana najua hasira zako na najua ni halali yangu. Naomba tu ukimaliza kusoma uende kwa mumeo, ukae mbele yake, umuulize aliniita mara ngapi. Kisha uniandikie, nijue.

Ndimi kaka yako, uliyenililia bure.