Wimbo wa Adam

Sofu, Kibaha

Shangazi Kashinje, shikamoo.

Bado nausikia mchi wako ulivyogonga kinu mara moja na kunyamaza, siku ile Maneromango nilipokuomba uimbe tena wimbo uliomtungia Adam alipofariki. Ulisema, "Kwandu, huu ni wa kumlilia mwanangu. Usitoke nje ya ua huu." Nikaitika.

Huku mvua zimeanza, na jirani yangu Martina amejifungua mapacha. Albamu yangu ya kwanza ilifikisha nyimbo saba. Ambokile, mwenye studio, alizisikiliza zote, kisha akasema, "Dada, umeimba kama mtu anayefanya mtihani, na umefaulu. Sasa niimbie."

Nilikasirika. Katika hasira hiyo, Mungu anisamehe, nikaimba wa Adam. Nilipomaliza alikuwa amesharekodi, na hakunitazama usoni.

Kwa wiki tatu nilikuwa nikimwambia aufute, kesho yake namwambia auache. Nilijaribu hata kuweka jina la mtu mwingine badala ya Adam, nikasikia ninavyodanganya. Bila wimbo huo, zile saba ni sauti nzuri tu, Shangazi, na mimi najua.

Sikukupigia simu kwa sababu ungesema, "Acha," nami ningeacha. Nakuandikia ili usiusikie kwanza kwenye redio ya jirani.

Albamu imetoka leo asubuhi. Wimbo wa Adam ndio wa kwanza, na jina lake limo.

Ni mimi mwanao,
Kwandu