Kukatwa kwa Mtutu wa Bunduki ya Obura

HIFADHI YA WANYAMAPORI YA OLESHWA, NDABIBI
Kikao maalum cha kamati, Jumamosi, 15 Machi 2025, katika ghala la nyasi la hifadhi

Waliohudhuria:
Bw. Mathenge – Mwenyekiti
Bw. Kiarie – Makamu wa Mwenyekiti
Bi. Wariara – Mjumbe
Bi. Joan Akoth – Katibu

Walioalikwa:
Bw. Obura – Askari wa hifadhi
Bw. Lewis Nyongesa – Fundi wa bunduki mwenye leseni, Nakuru

Aliyekosa kwa udhuru:
Bw. Jerry – Mjumbe (amempeleka mama yake kliniki)

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Bi. Wariara aliongoza maombi. Mwenyekiti aliomba wajumbe waongee kwa zamu. Alimtazama Bw. Kiarie.

KUMB. NA. 2/2025: SABABU YA KIKAO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mwezi Januari nyati jike alimbana Shiru, mchungaji, kwenye birika la ng'ombe. Bw. Obura alifyatua risasi akiwa amejibanza kati ya gari na ukuta wa mawe, kwa kuwa hakukuwa na nafasi nyingine. Shiru aliokoka. Sikio la kushoto la Bw. Obura lilitoka damu na halijasikia tena. Daktari ameonya kwamba mlipuko mwingine kama ule unaweza kuchukua la kulia pia.

Hifadhi imepata kibali cha kufunga sailensa, kifaa cha kupunguza mlio, kwenye bunduki yake moja ya kuzuia nyati. Kamati ilitakiwa kuamua bunduki itengenezwe vipi, au kama Bw. Obura aondolewe.

KUMB. NA. 3/2025: PENDEKEZO LA MAKAMU WA MWENYEKITI
Bw. Kiarie alipendekeza kazi ya Bw. Obura apewe Jonah, mtoto wa dada yake, ambaye amemaliza mafunzo ya uaskari. Alieleza kwamba siku ile ya Januari mtamba wake mwenye mimba alishtuliwa na mlio, akavunja ua na kupoteza ndama, na hakuna mtu wa kamati aliyefika kumpa pole. Aliongeza, "Na hatuwezi kulindwa na kiziwi."

Bi. Wariara alimwambia, "Baba Natasha, huyo kiziwi ndiye alimtoa Shiru kwenye pembe." Mwenyekiti aliomba utulivu mara mbili. Bw. Obura alikuwa ameketi mwisho wa meza.

KUMB. NA. 4/2025: UREFU WA MTUTU
Bw. Nyongesa alieleza kwamba mtutu wa sasa ni inchi ishirini na sita. Ukiongeza sailensa mbele yake, bunduki inakuwa ndefu kama mpini wa jembe na itanasa kwenye kila kichaka cha leleshwa. Alishauri ukatwe ubaki inchi kumi na nane.

Bw. Obura alikataa. Alisema nyati hapigwi kwa bahati, na mtutu mfupi hivyo utapunguza nguvu ya risasi. "Boss, wewe utakuwa Nakuru. Mimi nitakuwa mbele yake." Walibishana kwa muda, fundi akachora kwenye ubao wa chaki, na mwishowe wakakubaliana inchi ishirini. Bw. Nyongesa alikiri kwamba kwa mnyama wa ukubwa huo alikuwa amependekeza kukata mno.

KUMB. NA. 5/2025: BARUTI
Bw. Nyongesa alieleza kwamba baruti inayowaka polepole inahitaji mtutu mrefu. Kwenye mfupi, sehemu yake inatoka nje ikiwa bado inawaka, na huo ndio moto na kishindo vinavyoilemea sailensa. Alishauri baruti inayowaka haraka kidogo, imalize kazi ndani ya mtutu.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini wasitumie risasi za mwendo wa chini, ambazo hazipasui hewa kwa kishindo na ni kimya kabisa. Bw. Obura alijibu kwamba risasi hiyo itamjeruhi nyati tu, na nyati aliyejeruhiwa ni mbaya kuliko kelele. Fundi alimuunga mkono, akasema sailensa haitaficha mlio. Itaupunguza tu usiharibu sikio. Ilikubaliwa kwamba risasi zote zitajazwa na fundi, na hakuna mjumbe wala askari atakayegusa baruti.

Bi. Wariara aliuliza, "Na majangili wakiiiba?" Ilikubaliwa sailensa ifungiwe mbali na bunduki, funguo zikae na watu wawili tofauti.

KUMB. NA. 6/2025: MAJARIBIO
Fundi alikuwa amekuja na bunduki yake ya maonyesho iliyotengenezwa hivyo. Kikao kilisimamishwa kwa muda, wajumbe wakaenda kwenye shimo la kuchimba mawe, ambalo linapakana na malisho ya Bw. Kiarie. Wote walivaa vifunika masikio. Bw. Obura alipiga mbao za shabaha, risasi zote zikaingia mahali pa moyo. Ng'ombe wa Bw. Kiarie waliinua vichwa, wakatazama, wakarudi kula.

Bw. Kiarie alikaa akiwaangalia muda mrefu. Kisha aliondoa pendekezo lake.

KUMB. NA. 7/2025: UAMUZI
Kwa kauli moja: mtutu ukatwe ubaki inchi ishirini, sailensa ifungwe, baruti iwe aliyoshauri fundi, Bw. Obura aendelee na kazi, vifunika masikio vikiwa lazima hata kukiwa na sailensa. Jonah afunzwe chini yake. Wajumbe watamtembelea Bw. Kiarie kumpa pole ya ndama.

KUMB. NA. 8/2025: MENGINEYO
Bw. Kiarie aliomba neno "kiziwi" lifutwe. Katibu alisema lilitamkwa, basi litabaki, ila radhi nayo itaandikwa ikitolewa. Bw. Kiarie alisimama na kuomba radhi. Bw. Obura hakujibu. Bi. Wariara alimwambia Bw. Kiarie kwamba amesimama upande wa sikio la kushoto. Bw. Kiarie alizunguka meza hadi upande wa kulia, akarudia yote kwa sauti, na mara hii akamwita "ndugu yangu".

Bw. Obura alisema, "Hiyo nimeisikia." Kisha akaomba ruhusa aondoke, kwani nyati walikuwa wameonekana karibu na njia ya watoto wa shule. Jonah alikuwa nje akimngoja na gari.

KUFUNGA
Kwa kuwa waliobaki hawakuwa na la kuongeza, Mwenyekiti alifunga kikao saa sita na nusu mchana.

Mwenyekiti: Mathenge (sahihi)
Katibu: Joan Akoth (sahihi)