Ukucha Wako Ukingoni mwa Helisi

Mama,

Mwamini ameolewa! Naanza na hilo maana najua ungenikatiza kabla sijafika mstari wa pili: "Acha kuzunguka, niambie, ameolewa ao hapana?" Ameolewa, Jumamosi iliyopita, hapa hapa Naviundu, na mvua ikatuheshimu. Wali ulitosha, hata majirani wasioalikwa walishiba. Mdogo wangu alivaa kitenge chako cha kijani, kile ulichokiweka sandukuni miaka yote ukisema hakijapata sherehe yake.

Sasa kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla Tantine Sifa, dada yako, hajanishtaki kwako kwenye dua zake. Sikurusha.

Najua nilichokuahidi. Wewe uliyeichukia droni yangu tangu siku ya kwanza, uliyejifunika kichwa kwa sinia kila nilipoijaribu uani, "Faida, ile kintu yako itaangukia mutoto ya bantu!", wewe mwenyewe ukiwa umelala hospitalini ulinishika mkono ukasema: "Siku ya Mwamini, rusha kile kidudu chako. Umupige picha toka juu, akitembea juu ya bitenge. Miye nitakuwa naangalia toka upande ule ule." Nikacheka, ukacheka, kikohozi kikatukatiza. Tangu arobaini yako natembea na maneno hayo. Kila harusi ya watu niliyorekodi, Kipushi, hata Sakania, kwangu ilikuwa mazoezi ya harusi hii moja.

Na kila mara kabla ya kurusha nilifanya ulivyokuwa ukifanya na sahani zako. Unakumbuka katoni zikiletwa dukani kwako? Dereva anapiga honi, wateja wananung'unika, nawe umekaa kwenye kigoda, umefumba macho, unapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni mwa kila sahani, mzunguko mzima, ukitafuta ufa. Nilikuwa naona haya, Mama. Siku hizi wanaochekwa ni sisi wawili. Helisi, yale mapanga manne yanayoinua droni, ni plastiki nyembamba tu. Kijiwe kikirukia, tawi likigusa, hubaki jeraha ambalo jicho halilioni na ukucha unaliona. Napitisha ukucha ukingo wa mbele, napitisha wa nyuma, halafu naikunja kidogo pale inapoanzia, karibu na mota, nione kama pana mstari mweupe.

Jumamosi, basi. Shangazi na mama wadogo wameshatandaza vitenge toka mlangoni mpaka getini. Watoto wamejaa pande zote mbili, vigelegele vinapasua masikio, Mwamini yuko nyuma ya pazia anangoja ishara yangu. Helisi ya kwanza, safi. Ya pili, ya tatu, safi. Ya nne, ukucha ukakwama. Nikaikunja, na mstari mweupe huu hapa, mfupi kama punje ya mchele.

Nikajiambia usihangaike, unazo za akiba. Nilizitunza kama ulivyotunza sahani, moja juu ya nyingine, gazeti katikati, zimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli na kukazwa mpaka vidole viume. Nikafungua. Nikailaza ya kwanza juu ya kioo cha meza, ikayumba. Ya pili ikayumba. Zote zimepinda! Ule mpira wako, Mama! Sahani huvumilia kukazwa, helisi haiwezi, na hizo zilikaa miezi chini ya bati letu la moto. Mambo yako yote mawili, ukucha na mpira, niliyafuata bila kuuliza, kwa sababu ni yako. Nilitaka kulia, na nilitaka kukugombeza.

Tantine Sifa akanijia mbio, kilemba upande. "Iko muzuri tu, rusha! Ni dakika mbili! Mama yako njo alikuomba!" Hilo la mwisho lilinichoma. Nikaitazama ile njia ya vitenge, nikawatazama watoto waliokaa pembeni yake, vichwa wazi. Nikakumbuka sahani tulizolia sisi nyumbani, zote zina ufa, na kwamba hukuuza hata moja. "Yenye kupasuka inabakia kwetu, haiende kwa bantu." Nikairudisha droni mkobani, nikampa Mwamini ishara atoke.

Nikampiga picha kwa simu, natembea kinyumenyume, nusura niangukie ngoma. Alipofika getini akasimama, akainua uso angani, akatabasamu na kupunga mkono. Kwa kelele zile hakuweza kusikia kama kuna kinachovuma juu ama hakuna, na mbingu ilikuwa tupu kabisa.

Jioni nilimfuata chumbani, nikamwambia ukweli: mdogo wangu, nisamehe, sikurusha, ulikuwa unasalimia hewa. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Nilikuona ukiirudisha mu mkoba," akasema. "Nani alikuambia nilikuwa nasalimia droni?"

Tulilia, halafu tukacheka mpaka mume wake akagonga mlango kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo niko sawa, Mama. Kazi inaendelea, harusi nyingine zinakuja. Nimepata helisi mpya na kila moja ina kitanda chake ndani ya sanduku, hakuna anayemlalia mwenzake. Mpira wa baiskeli nimeurudisha kwa sahani, ndiko iliko kazi yake. Ile helisi yenye ufa nimeitundika jikoni, juu ya rafu ya sahani zetu mbovu. Nimekata kucha zote isipokuwa wa gumba, na Tantine Sifa anasema nafanana na mchawi. Tena bado amenuna kidogo, lakini juzi nilimkuta ameishika sahani, amefumba macho.

Nakuaga sasa, chai imechemka. Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi, hakuna kitu changu kitakachopita juu ya kichwa cha mtoto wa mtu kabla ukucha wako haujakipitia. Na ukiona tumeinua uso na hakuna kinachoruka, tupungie.

Faida wako