Tope la Dkt. Kimaiyo Bado Limo Ndani ya Friji

Umetimia mwaka, Kimaiyo, tangu Novemba ile ya 2007 ulipofumba macho hospitalini hapa Nakuru. Nyumba yako ya mtaa wa Section 58 ingali ilivyokuwa. Miwani yako iko juu ya redio. Friji bado haina nafasi ya nyama.

Wasiokujua watashangaa. Kazi yako pale chuo kikuu, Njoro, ilikuwa kusoma tope la chini ya ziwa. Tope hujilaza tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huhifadhi chavua ya maua na chumvi ya wakati wake, hata mjuzi akatambua mvua na kiangazi cha karne zilizopita. Ulilitoa Ziwa Elementaita ndani ya mabomba ya plastiki, seti mbili, ya pili ikiwa ya tabaka za chini na za kale zaidi, ukalileta nyumbani kwa kuwa hukuuamini umeme wa stoo ya Njoro.

"Baba Kimberly, na nyama nitaweka wapi?" mkeo Chelangat alikuuliza.

"Nyama inunuliwe siku ya kupikwa," ukamjibu. "Hili tope haliuzwi buchari."

Mwenzako katika utafiti alikuwa Jaspreet, binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, ambaye huko Nairobi hutumia kompyuta kukadiria hali ya hewa ya kale na ya miaka ijayo. Mlipatana kuipima kompyuta yake kwa tope lako. Sharti lako lilikuwa moja: amalize hesabu zake kwanza, ndipo mabomba yafunguliwe.

"Daktari, nionyeshe kidogo tu, nijue kama siko mbali," alikusihi sebuleni.

"Ukiona majibu, huo si mtihani tena."

"Haki wewe ni mwalimu wa zamu mpaka kwa kompyuta!"

Mlicheka wote wawili, lakini hukulegeza.

Mimi kaka yako sikushangaa. Karatasi ya mtihani wa hesabu ilipovuja shuleni kwetu, bweni zima liliizunguka. Wewe ulikwenda kuketi jikoni kwa mpishi, usije ukaisikia ikisomwa. Walikuita msaliti muhula mzima. Najivunia jina hilo hadi leo.

Ulipokuwa taabani ulituusia mambo mawili tu: "Msimfungulie Jaspreet kabla hajamaliza. Na tope lisikauke." Likikauka hupasuka, tabaka zikavurugika, na jasho lako lote likawa vumbi. Chelangat aliahidi.

Hukuiona Januari, na ni heri. Baada ya uchaguzi mji wetu uliwaka moto, na watu waliokopeshana chumvi wakafukuzana. Jirani yenu Wangare alikimbilia kwenu na watoto wake. Chelangat aliwafungulia bila kuuliza neno. Umeme ulikatika. Mkeo akayahamisha mabomba hadi kwenye kabati la makaa uliloliunda uani, ambalo hupoza mradi makaa yake yawe majimaji. Nayo mifereji ilikuwa imekauka.

"Mama Kimberly, watoto wana kiu na wewe unanywesha matope?" Wangare alimkabili.

"Watakunywa kwanza. Wataoga. Tope litapata yale ya mwisho."

"Hata ya kufulia nepi?"

"Hasa hayo. Baba Kimberly hakuwa na maringo."

Wangare alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje, kisha akalia. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyebeba beseni kwenda uani. Hata hivyo, watoto waliposhikwa na homa, maji yote yalikwenda kwao, na tope la bomba la juu kabisa, la enzi za babu zetu, lilikauka likapasuka. Ungekuwapo, ungeamua vivyo hivyo. Mengine yalipona. Wangare mwenyewe hakurudi kwake. Nyumba ilikuwa imeteketea, naye akahamia kwa ndugu zake Nyeri.

Umeme uliporudi, Jaspreet alinipigia simu. "Mzee, watafiti wenzetu wa ng'ambo wana haraka. Nione bomba moja tu." Nilikataa. Alikata simu.

Septemba alikuja na hesabu zilizokamilika. Tulifungua seti ya kwanza Njoro, mbele ya wanafunzi wako. Pale ambapo kompyuta ilionyesha mvua za kutosha, tope lilikuwa na ukanda mnene mweupe wa chumvi. Ziwa lilikuwa limekauka.

"Imekosa," Jaspreet alisema. "Kiangazi kizima, haikukiona."

Hakuna aliyefurahi. Hiyo ndiyo kompyuta tuliyotarajia itutabirie kiangazi kijacho. Kisha akamgeukia Chelangat: "Aunty, ningeona mapema ningeipinda kompyuta ikubaliane na tope. Na ningejisifu."

Ameanza hesabu upya. Seti ya pili ya mabomba, ile ya enzi za kale zaidi, haijafunguliwa. Inangoja majibu yake mapya ndani ya friji yako. Naye mkeo, kila tunapotaka nyama, hushika kikapu akaenda buchari siku iyo hiyo.

Unakumbukwa na mkeo Chelangat, binti yako Kimberly, kaka yako Kiplangat, na ukoo wote wa Njoro na Nakuru.

Maadamu tuko hai, Kimaiyo, hutasahaulika.