Kibuyu cha Jumamosi

Jumamosi, jioni. Mawingu yameshuka mpaka Sekei na mlima hauonekani tangu juzi. Baridi tupu. Hata wino hautaki kukauka.

Leo nilikuwa niondoke. Naandika waziwazi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Analokagua Mwalimu ni lile la masomo.

Asubuhi nilifunga kifurushi: shuka, kisu, na kibao cha kuandikia ambacho hata si changu. Nilikisukuma chini ya kitanda, nikamsubiri mama. Yeyo, tunavyomwita nyumbani. Kila Jumamosi hutembea kutoka upande wa Ngaramtoni kuniletea kibuyu cha maziwa mgando, na leo nilipanga kurudi naye. Miezi saba ya chuo cha walimu ilikuwa imenitosha.

Sababu yenyewe ni ya aibu kidogo. Ni maziwa.

Kwetu Waarusha, kijana aliyetahiriwa hanywi maziwa peke yake. Lazima awepo mwenzake wa rika, wanywe pamoja. Hapa misheni wengi ni Wachaga, na Wameru wawili waliopo ni wadogo kwangu kwa rika. Nyumbani sikuwahi kuliona jambo hili kuwa sheria, maana wenzangu walikuwepo siku zote. Hapa nimelijua vizuri, kibuyu kikiwa mkononi.

Kwa hiyo nimekuwa nikimpa mpishi. Kisha namwambia yeyo yalikuwa matamu.

Miezi saba namdanganya mama yangu.

Bila shaka si maziwa tu. Wiki ya kwanza nilimwinamishia Mwalimu kichwa ili anishike utosini, kama kijana anavyomsalimu mzee. Maskini Mdachi wa watu, angejuaje? Alikikagua kichwa changu, nilichokuwa nimenyolewa juzi yake tu, akaona vijeraha vya wembe, akanipaka dawa ya upele. Nilinuka siku tatu. Nderumaki, Mchaga wa Machame ninayelala naye chumba kimoja, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hapa chuoni sijamwinamia mtu, na Nderumaki sikumpenda.

Yeyo alifika kabla ya adhuhuri, miguu imejaa tope. Akanishika utosini, akanitazama mbavu. Halafu akaniuliza, kwa lugha yetu, swali ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Unakunywa na nani?"

Hapo ndipo ningesema kweli, nikachukue kifurushi, twende. Lakini alikuwa amelikanyaga tope lile lote kwa ajili yangu, na uongo ukaniponyoka. Nderumaki alikuwa akipita na ndoo ya maji. Nikamnyooshea kidole.

"Yule."

Yeyo akamwita. Nilitamani ardhi inimeze.

Nderumaki hajui hata neno moja la kwetu. Aliweka ndoo chini, akanitazama, akamtazama yeyo. Nilisubiri aseme "Shikamoo, mama" kwa ile sauti yake ya darasani, na yeyo ajue papo hapo kwamba huyu hajawahi kunywa nami chochote.

Akainamisha kichwa.

Alikishusha kabisa, maana yeyo ni mfupi. Yeyo akamshika utosini, akampa kibuyu. Nderumaki akanywa funda moja, akanipa mimi. Nikanywa. Yalikuwa yananukia moshi wa nyumbani. Nililia kidogo, nikasingizia kwamba yamenipalia.

Yeyo alipoondoka nilimweleza Nderumaki mambo yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nilitahiriwa lini.

"Mwaka ule wa nzige," nikamwambia.

"Hata mimi. Sasa unataka nini tena?"

Wazee wa kwetu wangesemaje sijui, ila mimi nimeridhika.

"Kwa hiyo na mimi siruhusiwi kunywa bila wewe?" akauliza.

"Huruhusiwi."

Akachukua ndoo yake, akapiga hatua mbili, akageuka. "Basi kile kifurushi chini ya kitanda kakifungue."

Kumbe alikuwa amekiona tangu asubuhi.

Nimekifungua. Shuka nimelitandika tena, kibao nimekirudisha darasani. Hesabu za Kidachi bado zinanishinda, na Jumatatu nitaulizwa mbele ya watu. Uongo wa miezi saba nitamwambia yeyo mwenyewe, nikishapata ujasiri. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nije hapa, sikuhesabu siku zilizobaki.

Akiwa anaondoka, yeyo alisema kibuyu hiki ni kidogo kwa watu wawili. Jumamosi ijayo ataleta kile kikubwa.

Lazima niwepo.