Sukari ya Mama Nasrin

Amedeus mjukuu wangu,

Alfajiri nilisikia kijiko kikigongagonga kikombe. Nikadhani mkeo Dorine anakoroga chai, kumbe mkono unamtetemeka, jasho linamtoka. Sukari ya mwilini ilikuwa imeshuka, na uchungu wa kuzaa umeanza. Jikoni hapakuwa na sukari hata punje, maana niliigawa yote kwa kuogopa ugonjwa wake wa kisukari. Jirani yetu Mama Nasrin akaja na bakuli lake la sukari, akamkorogea, akamnywesha, akatuitia na bajaji. Wala hakunicheka.

Dorine yuko wodi ya wazazi, bado hajajifungua. Wanampima sukari kila mara. Mtoto naye akizaliwa watampima, kwani sukari yake nayo inaweza kushuka. Naogopa, baba.

Nimerudi kuchukua vitenge tu. Kuku wape maji. Dawa ya sindano ya Dorine iliyobaki imo kwenye chungu cha mchanga, ulowanishe mchanga usikauke, dawa isiharibike kwa joto.

~~Pumzika kwanza na safari ya Madaba, uje kesho.~~ Njoo wodini leo.

Jumapili ulikuja hapa nyumbani, ukakaa na mkeo kimya, ukaondoka zako. Mimi niliudhika. Mwenzio kaniambia nilipokuwa natoka wodini, “Bibi, mwambie aje tena. Hata asiposema neno, akae tu.”

Bibi yenu